Ibrahimu: mgeni aliyenunua kaburi kwa bei kamili

Ndugu zangu, mijadala mingi kuhusu Ibrahimu huanzia kwenye swali la nani mrithi wake halali, na huishia kwenye kurushiana maneno makali kabla maisha yake yenyewe hayajasimuliwa. Naomba uzi huu uanzie mahali pengine. Uanzie kwenye sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo, ambamo mzee mwenye mifugo, watumishi, fedha na dhahabu anasimama mbele ya wenyeji wa Hebroni akiwa hana hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe.

Sara amefariki akiwa na miaka 127. Ibrahimu anainuka penye maiti, anawaendea wana wa Hethi langoni pa mji, na kitu cha kwanza anachowaambia ni kwamba yeye kwao ni mgeni na mpitaji. Kwa hesabu ya kitabu chenyewe alikuwa amekwisha kukaa Kanaani miaka 62, kwa maana aliingia akiwa na miaka 75 na Sara alikuwa mdogo wake kwa miaka 10. Miaka 62, na bado anajiita mgeni. Wenyeji wanamjibu kwa heshima kubwa: achague kaburi lolote lililo bora miongoni mwa makaburi yao, hakuna atakayemnyima. Anainama kuwashukuru, lakini hachukui. Anaomba wamsemeshee kwa Efroni Mhiti, amuuzie pango la Makpela lililo mwishoni mwa shamba lake, kwa thamani yake yote.

Efroni anasema mbele ya watu wote kwamba anampa shamba na pango bure. Ibrahimu anasisitiza kulipa. Hapo ndipo Efroni anapotaja bei kana kwamba ni jambo dogo lisilofaa kuzungumzwa kati ya watu waungwana: shekeli 400 za fedha. Ili tuione bei hiyo ilivyo, tukumbuke kwamba Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, na Daudi alilipa shekeli 50 kwa uwanja wa kupuria na ng'ombe wa sadaka. Nyakati na mizani havilingani sawasawa, lakini hata hivyo msomaji haoni dalili yoyote kwamba Ibrahimu alipewa bei ya kirafiki. Yeye anapima fedha yote palepale, wana wa Hethi wakisikia, na mwandishi wa Mwanzo anaorodhesha mali iliyohama mikono kama mtu anayeandika hati: shamba, pango lililomo, na miti yote iliyomo shambani katika mipaka yake pande zote.

Kinachonigusa katika sura hii ni kulinganisha na sura ya 18. Huko, mtu huyuhuyu alisimama mbele ya Mungu kuuombea mji wa Sodoma, akaanza na wenye haki 50, akashuka hadi 45, 40, 30, 20, na hatimaye 10. Alijua kupatana bei kuliko mtu yeyote katika kitabu kile. Lakini alipatana kwa ajili ya watu wa mji usiokuwa wake, na lilipofika jambo lake mwenyewe hakuomba kupunguziwa hata shekeli moja. Kwa maoni yangu, urithi wa Ibrahimu uko hapo kabla haujawa mahali pengine popote.

Sasa turudi nyuma. Mwanzo 11 inasema Tera, baba yake, alitoka Uru wa Wakaldayo pamoja na Abramu na Sarai aliyekuwa tasa (ndivyo Ibrahimu na Sara walivyoitwa mwanzoni), na Lutu mjukuu wake, wakielekea Kanaani, lakini wakafika Harani wakakaa. Uru wa Wasumeri ni magofu ya Tell el-Muqayyar kusini mwa Iraki, ambako Leonard Woolley alichimba kuanzia 1922 hadi 1934, na wengi hulihesabu jina la Biblia kuwa ni mji huo, ingawa ipo mapokeo ya zamani inayomweka Ibrahimu katika mji wa Urfa, kusini mashariki mwa Uturuki. Uru huo wa kusini na Harani yote miwili ilikuwa vituo vikubwa vya ibada ya mungu wa mwezi. Kitabu cha Yoshua, sura ya 24, kinasema wazi kwamba Tera na jamaa yake waliitumikia miungu mingine. Ibrahimu basi hakurithi imani yake kwa wazee wake. Aliambiwa atoke katika nchi yake, kwa jamaa zake, na nyumbani kwa baba yake, aende nchi ambayo angeonyeshwa baadaye, naye akatoka.

Maandiko hayamsafishi. Njaa ilipomfikisha Misri alimwambia mkewe ajitambulishe kuwa dada yake, naye Sarai akapelekwa nyumbani kwa Farao. Na miaka mingi baadaye alirudia jambo hilohilo kwa Abimeleki, mfalme wa Gerari. Mara zote mbili mfalme wa kigeni ndiye aliyemkemea, tena kwa haki. Lakini kuna upande mwingine. Mpwa wake Lutu alipotekwa vitani, Abramu alikusanya watu wake 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuatia adui hadi Dani, akawarudisha mateka pamoja na mali. Mfalme wa Sodoma alipomwambia achukue mali hiyo, alikataa hata uzi na gidamu ya kiatu, asije mfalme yule akasema kwamba ndiye aliyemtajirisha. Aliyekataa gidamu ndiye aliyelipa shekeli 400.

Ukarimu wake pale Mamre unajulikana na wote. Amekaa mlangoni pa hema wakati wa jua kali, anaona watu watatu, anapiga mbio kuwalaki. Anawaahidi maji kidogo ya kuosha miguu na kipande cha mkate. Kisha anamhimiza Sara akande vipimo vitatu vya unga mzuri, ambavyo kwa makadirio ya kawaida ni karibu debe zima, anamchagua ndama laini mwenyewe, anaandaa siagi na maziwa, na wageni wakila yeye anasimama chini ya mti akiwahudumia. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika kisa hiki methali hiyo inatimia kama ilivyo: ni wageni hao waliotamka kwamba Sara atazaa mtoto wa kiume. Alimzaa Isaka wakati Ibrahimu alipokuwa na miaka 100.

Nisingependa kupita haraka habari ya Hajiri, kwa sababu wengi huipita. Alikuwa kijakazi Mmisri, na hakuna aliyemuuliza hiari yake alipotolewa amzalie bwana wake mtoto. Alipopata mimba aliteswa na Sara, bibi yake, hadi akakimbilia jangwani, na huko penye chemchemi akawa mtu pekee katika Mwanzo anayempa Mungu jina: Mungu aonaye. Mwanawe Ishmaeli alizaliwa wakati Ibrahimu alipokuwa na miaka 86. Baada ya Isaka kuachishwa ziwa, Sara alitaka mjakazi na mwanawe wafukuzwe. Neno hilo lilimhuzunisha sana Ibrahimu, na Mungu alimwambia amsikilize Sara, akimwahidi kwamba kijana naye atakuwa taifa. Aliamka asubuhi na mapema, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akamtwika Hajiri begani. Mkate na kiriba, kutoka kwa mtu aliyewachinjia ndama wageni asiowajua! Ni mahali pagumu mno katika maisha yake, na sidhani kwamba mwenye kumpenda Ibrahimu analazimika kupalainisha.

Masimulizi ya Kiislamu yanaichukua safari hiyo mbali zaidi, hadi bonde la Makka. Katika Qur'ani, sura iitwayo kwa jina lake, aya ya 37, Ibrahim anamwambia Mola wake kwamba amekalisha baadhi ya dhuria wake katika bonde lisilo na mimea, karibu na Nyumba Tukufu. Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi Bukhari inamwonyesha Hajar akimfuata mumewe anapoondoka, akimuuliza mara kadhaa kwa nini anawaacha mahali pasipo na mtu, naye hageuki. Mwishowe anamuuliza kama ni Mungu aliyemwamrisha. Anapojibu ndiyo, mwanamke yule anasema kwamba basi Mungu hatawatupa. Akapanda Safa na Marwa mara saba akitafuta mtu wa kumsaidia, hadi maji ya Zamzam yalipotoka. Kila hujaji, awe mfalme au mchuuzi wa samaki wa Tanga, hufuata nyayo za mama huyo mjakazi. Hija haitimii bila kusai, yaani kwenda na kurudi mara saba, kati ya vilima hivyo viwili.

Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Mwanzo 25:9 inasema kwamba Isaka na Ishmaeli, wanawe, walimzika katika pango la Makpela. Wote wawili wametajwa, bila maelezo ya nani aliyempelekea habari mwenzake wala ya nani aliyesimama mbele ya mwenzake.

Sehemu ya pili: warithi

Wayahudi humwita baba yao, na sala yao ya kila siku, ile inayosaliwa wakiwa wamesimama, huanza kwa kumtaja Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Mwana wa kiume hutahiriwa siku ya nane kwa agano la Mwanzo 17. Lakini hata huko ubaba wake haukufungwa kwenye damu peke yake: mtu aliyeingia Uyahudi kutoka nje huitwa mwana wa Ibrahimu. Katika karne ya 12, Musa bin Maimuni, mwanachuoni aliyeishi Misri, aliulizwa na mwongofu mmoja aitwaye Obadia kama anaruhusiwa kusema "Mungu wa baba zetu" katika sala. Alimjibu aseme kama wasemavyo wengine wote bila kubadili neno, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake.

Mtume Paulo alijenga hoja yake juu ya mpangilio wa sura. Ibrahimu alimwamini Mungu akahesabiwa haki katika sura ya 15, na kutahiriwa kulikuja katika sura ya 17. Kwa hiyo, anasema katika Warumi 4, yeye ni baba wa waaminio wasiotahiriwa pia. Katika Wagalatia anaongeza kwamba torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Waraka wa Yakobo ulimtazama mzee huyohuyo kupitia madhabahu ya Moria, alikoagizwa kumtoa mwanawe kafara, ukasisitiza kwamba imani yake ilikamilishwa kwa matendo.

Qur'ani inatumia hoja ya namna ileile ya wakati. Katika Al-Imran, aya ya 65 na zinazofuata, Watu wa Kitabu wanaulizwa kwa nini wanabishana juu ya Ibrahim ilhali Taurati na Injili hazikuteremshwa ila baada yake; naye hakuwa Myahudi wala Mkristo, bali mtu aliyeelekea kwenye haki na kujisalimisha kwa Mungu. Kila Mwislamu anaposwali humtaja Ibrahim na jamaa zake katika tahiyatu ya mwisho, na Idi Kubwa, tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, ni kumbukumbu ya kafara yake. Kwa hiyo Paulo na Qur'ani, wakitofautiana katika mengi mazito, wote wawili wanamwona Ibrahimu kuwa ametangulia mipaka iliyochorwa baada yake. Jambo hilo halifuti tofauti za dini hizi, wala silitaji ili kuzichanganya, lakini linastahili kufikiriwa na kila anayemdai kuwa wake peke yake.

Kaburi lenyewe limepita katika mikono mingi. Ukuta mkubwa wa mawe unaoonekana Hebroni leo ni wa zama za Herode Mkuu. Wakristo wa Bizanti waliweka kanisa humo, Waislamu wakafanya msikiti, Wapiganaji wa Msalaba wakarudisha kanisa, na Salahuddin Ayyubi alipoutwaa mji mwaka 1187 pakawa msikiti tena. Kuanzia zama za sultani Baibars, katika karne ya 13, Wayahudi na Wakristo walizuiwa kuingia, na Wayahudi walisali wakiwa kwenye ngazi za nje, wasivuke ile ya saba. Hali hiyo ilidumu hadi Israeli ilipouteka mji mwaka 1967. Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa Hebroni. Tarehe 25 Februari 1994, katika mwezi wa Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi aliwafyatulia risasi Waislamu waliokuwa katika sala ya alfajiri ndani ya jengo hilo akaua 29. Tangu hapo jengo limegawanywa: upande mmoja sinagogi, upande wa pili msikiti, na kila upande hupewa jengo zima siku 10 tu kwa mwaka. Najisikia uchungu kuandika hesabu hizi chini ya jina la mtu aliyeinama mara mbili mbele ya wenyeji alipokuwa akiomba mahali pa kuzikia.

Hata hivyo mji huo una kumbukumbu nyingine. Waarabu huuita Al-Khalil kwa lakabu yake, rafiki wa Mungu. Msafiri Mwajemi Nasir Khusraw alipofika huko mwaka 1047 alikuta kila mgeni akipewa mkate wa duara, bakuli la dengu zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu kavu, akaambiwa kwamba desturi hiyo ni ya tangu Ibrahimu. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alizuru Hebroni mwaka 1326 akaustaajabia msikiti kwa ukubwa wa mawe yake. Jiko la wakfu liitwalo Takiya ya Ibrahimu bado linapika karibu na hapo, na mwezi wa Ramadhani watu hupanga foleni na sufuria zao.

Majibu kwa waliouliza

Kwa ndugu aliyeuliza kama historia inathibitisha kwamba Ibrahimu aliishi: hakuna maandishi ya zama zake nje ya maandiko ya dini yanayomtaja. Katikati ya karne ya 20 wanazuoni kama William Albright waliona kwamba desturi za masimulizi yake zinalingana na milenia ya pili kabla ya Kristo. Thomas Thompson mwaka 1974 na John Van Seters mwaka 1975 waliipinga hoja hiyo kwa nguvu, na tangu hapo watafiti wengi huona kwamba masimulizi yaliandikwa karne nyingi baadaye. Kutajwa kwa Wakaldayo na Wafilisti, watu waliojulikana kwa majina hayo baadaye sana, ni miongoni mwa dalili wanazotoa, pamoja na ngamia, ambao utafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv uliotangazwa mwaka 2014 uliwaona wakitumika katika machimbo ya shaba ya bonde la Araba kuanzia karne ya 10 kabla ya Kristo. Mimi ni muumini na hoja hizi hazinitishi. Siwezi kuzificha, na pia sioni kwamba uchimbaji wowote wa magofu ungetarajiwa kutoa mabaki ya familia iliyoishi katika mahema.

Kwa dada aliyeuliza kisa cha kuvunja masanamu kiko wapi katika Biblia: hakimo. Mwanzo haisemi lolote kuhusu utoto wake. Kimo katika Qur'ani, sura ya Al-Anbiyaa, ambapo kijana Ibrahim anayavunja masanamu yote isipokuwa kubwa lao, kisha anawaambia watu waliulize hilo kubwa. Wanamtupa motoni na moto unaamriwa uwe baridi na salama kwake. Kimo pia katika Midrashi, yaani ufafanuzi wa kale wa Kiyahudi, kuhusu Mwanzo, ambamo Tera ni muuza masanamu na kijana anatia rungu mkononi mwa sanamu kubwa kuliko yote.

Kuhusu mwana aliyetolewa kafara, naomba tusigombane. Mwanzo 22 inamtaja Isaka. Sura ya As-Saffat haitaji jina, na wafasiri wa kwanza wa Kiislamu walitofautiana: at-Tabari aliegemea kwa Isaka, Ibn Kathir akasema ni Ismail, na rai hii ya pili ndiyo iliyoenea. Tuzitazame sauti za wana wenyewe. Katika Mwanzo, kijana anauliza moto na kuni viko hapa, mwanakondoo yuko wapi. Katika Qur'ani, baba anamweleza mwanawe ndoto na kumuuliza anaonaje, naye anamwambia atende alivyoamrishwa, atamkuta miongoni mwa wanaosubiri. Mmoja hajui anakoelekea na mwingine ameshirikishwa. Ni mitazamo miwili ya utii, na kila mmoja unaacha swali zito kwa baba.

La mwisho ni la ndugu aliyesema kwamba nimewasahau wana wa Ketura. Ni kweli wanasahauliwa. Baada ya Sara kufa, Ibrahimu alimwoa Ketura akamzalia wana sita, na kabla hajafa aliwapa zawadi akawapeleka mashariki, mbali na Isaka. Mmoja wao ni Midiani, na jina hilo linarudi mara mbili penye njia panda za historia ya Israeli. Mara ya kwanza ni Yusufu anapotolewa shimoni na kuuzwa kwa shekeli 20, ambapo Mwanzo 37 inawataja Wamidiani na Waishmaeli katika biashara hiyohiyo. Kitukuu wa Sara anauzwa mikononi mwa uzao wa Hajiri na wa Ketura. Mara ya pili ni katika Kutoka 2. Musa amemkimbia Farao, ameketi kisimani katika nchi ya Midiani, amewasaidia mabinti wa kuhani kunywesha kundi, na wao wamemwacha palepale wakarudi nyumbani. Baba yao anawauliza mtu huyo yuko wapi na kwa nini wamemwacha, kisha anawaamuru wamwite ale chakula. Musa alikaa kwake, akamwoa binti yake Sipora, na mtoto wao wa kwanza alimwita Gershomu kwa sababu, alisema, yeye mwenyewe alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake.